Waya Ambayo Sebahire Hakuifunga

Kama mwaka jana ulipita nyuma ya soko la Gisenyi, ukaona kwenye uwanja wa nyumba fulani gari lenye uso wa Pijo na matako ya trekta, usiyalaumu macho yako. Ndivyo lilivyokuwa. Sebahire alilijenga hivyo makusudi, mchana kweupe, akiwa na akili zake zote.

Mwili ulikuwa wa Pijo 404 ya mwaka 1972, ile ya nyuma wazi ya kubebea mizigo. Magurudumu ya nyuma yalitoka kwenye tela la shamba huko Nyundo. Kiti cha dereva kilikuwa kiti cha kinyozi, kwa sababu kinapanda na kushuka, na Sebahire ni mfupi. Moshi ulitokea ubavuni kupitia bomba la maji, chini kidogo ya mlango, kiasi kwamba asiyejua akishuka vibaya anaacha ngozi ya mguu pale. Moteri nitaisema baadaye. Ndiyo iliyoleta maneno yote haya, isubiri zamu yake.

Sasa, huyu Sebahire alijifunza ufundi Goma, kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na gereji kubwa na mkono mwepesi. Siku ya kwanza alikata waya asiyoijua, Mgiriki akamzaba kibao, akamwambia: waya ambayo hukuifunga wewe, usiikate. Kibao kiliingia kichwani hakikutoka. Miaka arobaini baadaye Sebahire anaweza kuitawanya moteri nzima juu ya meza na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja, lakini waya ambayo hakuifunga yeye haigusi. Anaizungushia utepe, anaisogeza pembeni kwa heshima, anaendelea na kazi. Na jambo la pili alilojivunia ni kwamba maisha yake yote hakuwahi kutengeneza minibasi ya abiria. Minibasi, alisema, ni gari isiyokuwa na baba. Hata kuipanda alikuwa hapandi. Akienda mbali anachukua moto, yaani pikipiki ya kukodi, akienda karibu anatembea.

Gari lile alilijenga kwa ajili ya mashindano. Wapenzi wa magari ya kale wa mjini walikuwa wamepata kibali cha kufunga barabara ya kando ya ziwa kwa siku moja. Mita mia nne, zimenyooka, magari mawili mawili. Anayefika kwanza amemshinda mwenzake, basi, hakuna kona wala rufaa.

Mkewe, Mukantwari, hakuyataka mashindano. Alitaka stoo. Mukantwari anauza viazi vya Kanama kwa jumla, na kwa kuwa Pijo ilikuwa imekalia uwanja wote, magunia ya viazi yalikuwa yanalala sebuleni. Wageni wakija wanakaa juu ya viazi. Padri alikuja kubariki nyumba, naye akakaa juu ya viazi, akabariki kutokea hapo, na alipoinuka kanzu yake ilikuwa na udongo nyuma. Mukantwari aliona haya kiasi kwamba Jumapili iliyofuata alienda misa ya asubuhi sana ili asikutane naye.

"Papa Belise," alimwambia mumewe siku ile ile ya padri, kwa jina la binti yao wa kwanza aliyeolewa Kigali, "mi nasema mara moja. Ile gari ishinde kwa mashindano, itabaki. Ishindwe, Jumatatu asubuhi Tuyishime anakuja na kamiyo yake na mizani yake, anaibeba. Minajenga stoo."

Tuyishime ndiye anayenunua vyuma chakavu mji mzima na kuvibeba kwa lori lake. Akikuangalia unahisi anakadiria kilo zako.

"Mama Belise, ile ni gari ya baba!"

"Minajua ni ya nani. Jumatatu."

Sebahire alimjua mtu wake. Mukantwari aliwahi kusema hatamsalimia tena fundi cherehani aliyemharibia gauni la ubatizo wa Belise. Imepita miaka ishirini na zaidi, na wote wawili wanaimba kwaya moja, wanashika kitabu kimoja cha nyimbo, salamu hakuna.

Na kweli, ilikuwa gari ya baba. Mwaka 1994, ukoo ulipohama Goma kurudi Rwanda, mzee aliwapakia watu kumi na mmoja na cherehani moja ya chuma kwenye Pijo hiyo. Safari ya kilomita chache tu, kitu cha kumalizika kabla chai haijapoa, lakini Pijo ilizima mara saba. Kila ikizima Sebahire anashuka kusukuma. Binti wa jirani, aliyekuwa amekalia cherehani kule nyuma kwa kukosa nafasi, alimcheka mara zote saba. Binti huyo ndiye Mukantwari. Mzee alikufa, cherehani ikauzwa, Pijo ikabaki. Sebahire akiiangalia alikuwa anamwona baba yake ameweka kiwiko dirishani, na wazo la Tuyishime kuikatakata lilimnyima hamu ya kula, yeye ambaye hakuwahi kukataa sahani.

Kwa hiyo ilibidi ishinde. Na ili ishinde, ilihitaji moteri.

Moteri ilitoka kwa Muhire, aliyekulia Karagwe kule Tanzania na ambaye Kiswahili chake kimepigwa pasi. Muhire alikuwa ameendesha minibasi ya laini ya Kanama hadi mabati yake yakaoza, ila moteri ilikuwa bado nzima.

"Mzee wangu," Muhire alimwambia, "injini hii nakupa pamoja na vikorokoro vyake vyote. Usije ukasema nimekudhulumu hata nati."

Sebahire akaichukua na vikorokoro vyake vyote. Akaihamisha na nyaya zake, mirija yake, na kijisanduku cheusi cha ukubwa wa Biblia ndogo kilichofungwa kwa lakiri ya risasi, ya kiserikali kabisa. Akakigeuza geuza. Alamu ya wezi, akajiambia. Waya si zake, lakiri ndiyo kabisa. Akakipachika chini ya dashibodi, akakizungushia utepe.

Mukantwari alikuwa anapita na beseni la viazi. Alikiona kile kijisanduku, akasimama.

"Hiki unakiacha?"

"Waya si zangu."

Mukantwari aliliweka sawa beseni kichwani, akakitazama tena.

"Na breki?" aliuliza.

Breki za Pijo zilikuwa zile zile za mzee. Ilibidi uzipampu mara tatu, ya nne uombe.

"Breki? Mama Belise, ile ni gari ya mbio. Kwanza iende."

"Bon," alisema Mukantwari, akaenda kuosha viazi vyake.

Mtauliza, jamani, hakuijaribu? Aliijaribu vizuri sana. Lakini aijaribie wapi? Mjini mwisho ni arobaini, na barabarani kuna zile kamera ambazo watu wanaziita Sofia, na Sofia hana undugu na mtu. Sebahire ni raia mwema, alikuwa anapanda nayo mlimani kwa arobaini, anashuka nayo kwa arobaini. Na hata hiyo arobaini alikuwa anaikisia kwa sikio, maana mshale wa spidi ulikufa zamani wakiwa Goma. Alichojua ni kwamba akikanyaga mafuta kutoka kusimama, Pijo inaruka mpaka shingo inauma. Ilimtosha. Alirudi nyumbani anaimba.

Mashindano yaliangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Asubuhi wakazi wote walikuwa wameifagia barabara ile ile ya mbio, wakafyeka majani kingoni, wakafanya mkutano, na mkutano ulipoisha hakuna aliyerudi nyumbani. Walijipanga kingo mbili na majembe yao mabegani, wanakula sambaza, vidagaa vya Kivu, za kukaanga. Mukantwari alikuwa amesimama karibu na mstari wa mwisho na fagio lake. Hatua chache kutoka kwake alikuwa Tuyishime, anatafuna brosheti, mshikaki wa mbuzi, macho hayatoki kwenye Pijo.

Mpinzani wa Sebahire alikuwa Afande Rugema, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, na Vokswageni yake nyekundu, ile ya zamani ya mgongo wa mviringo, iliyotiwa moteri aliyoifuata Kampala mwenyewe. Rugema alizunguka Pijo mara mbili.

"Sasa, braza," aliuliza, "hii unakuja kushindana ama unakuja kulima?"

"We ngoja, Afande. Utaona matako yake."

"Hayo nimeshayaona."

Muhire ndiye aliyepewa maiki, kwa sababu ya ile pasi ya Kiswahili chake.

"Mabibi na mabwana," alisema, "upande wa kulia yupo Afande Rugema na kipusa wake mwekundu. Upande wa kushoto yupo fundi wetu mpendwa, Mzee Sebahire, ndani ya chombo ambacho, nakiri mbele yenu, sijui nikiite nini!"

Bendera ikashuka.

Yeweee! Pijo iliruka. Iliruka hivi kwamba kiti cha kinyozi kilishindwa kuvumilia, kikaanza kushuka taratibu, pssss, Sebahire akazama, na kuanzia hapo hakuona barabara tena, aliona mbingu na vilele vya miti. Akaendesha kwa kufuata miti. Magurudumu ya tela yalikuwa yanauma lami. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na alipotupa jicho kwenye kioo aliona Vokswageni imebaki nyuma kabisa, ndogo. Sebahire alipiga kelele kwa furaha. Alilia jina la baba yake. Mita mia moja na zaidi zimeliwa, Pijo iko mbele, Tuyishime atakula mizani yake!

Ndipo ikalia.

Pi-pi-pi. Pi-pi-pi. Pi-pi-pi.

Moteri ikabana pumzi. Sebahire akakanyaga mafuta mpaka chini, ikabana. Akakanyaga kwa miguu miwili. Pijo ilikuwa imechagua mwendo wake na ilitembea nao kwa amani, bila kuongeza wala kupunguza, pi-pi-pi, pi-pi-pi.

Kwenye kingo za barabara watu waliacha kutafuna. Hakuna Mnyarwanda aliyepanda minibasi asiyeijua ile sauti. Kisha mama mmoja mwenye jembe akapaaza sauti, kama anamwita utingo:

"Konvwayeri! Mi nashuka kwa soko!"

Basi tena. Barabara nzima iliangua kicheko. "Konvwayeri, chenji yangu!" "Shofa, unapita kwetu!" "Mukae wanne wanne, jamani, mama mwenye mutoto apate nafasi!" Watu waliacha majembe wakashika matumbo. Muhire, mwenye maiki, alisahau pasi yake yote.

"Ngojeni... ngojeni kwanza... Yesu wangu! Hiyo si ni minibasi yangu!"

Rugema alimpita kwenye mti wa kumi. Alimpita kwa adabu, mkono mmoja juu, akauvuka mstari, akafunga breki, akasimama. Na Sebahire, aliyeshindwa, alipouvuka mstari alikanyaga breki naye. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Ya nne akaomba.

Pijo ilipita mstari. Ikapita mafundi na vyombo vyao. Ikaenda kwenye lile rundo la matairi lililowekwa kuzuia magari, ikalifungua katikati. Muuza brosheti aliiona inakuja, akabeba jiko lake zima kwa mikono mitupu, akakimbia nalo, na mpaka leo hajui alilibebaje. Pijo ikashuka kwenye mchanga, magurudumu ya tela yakachimba, ikapunguza, ikapunguza, na hatimaye ikasimama, magurudumu ya mbele yakiwa ndani ya maji ya Kivu hadi katikati.

Hata pi-pi-pi ilikuwa imenyamaza.

Sebahire alijivuta kutoka kwenye kiti cha kinyozi, akashuka, viatu vikajaa maji. Aligeuka akaangalia mifereji miwili mirefu aliyoichora mchangani. Kisha akaangalia ziwa. Kivu haina utani, hatua kumi kutoka ufukoni huoni chini. Akarudi nyuma hatua mbili.

Rugema alikuwa wa kwanza kufika. Aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka anafuta machozi ya kicheko.

"Fundi! Hii ni spidi gavana ya minibasi! Ikifika sitini inakata mafuta. Ulikuwa hujui?"

Sebahire alichutama kukitazama kile kijisanduku. Angejua wapi, yeye asiyetengeneza wala kupanda gari isiyokuwa na baba?

"Sikiliza, braza," Rugema alisema, sasa kwa sauti ya mtu mwema, maana ni mtu mwema. "Mimi sitaki watu waseme nilishinda taksi. Kata waya hii moja tu, tunarudia. Mwanzoni uliniacha vibaya sana, nakwambia ukweli. Unaweza kunishinda."

Muhire akasema waandaaji wamekubali. Mtu akatoa koleo la kukatia waya, likapita mkono kwa mkono mpaka kwa Sebahire. Nyuma ya watu Tuyishime alikuwa ameshuka hadi mchangani, anagonga mlango wa Pijo kwa kifundo cha kidole ili asikie unene wa bati.

Sebahire alimwona. Alishika koleo, akainama, akaitafuta waya. Ilikuwa nyekundu, nyembamba, kitu cha kukatwa hata kwa meno. Aikate, Pijo iruke, ishinde, ibaki nyumbani. Asipoikata, Jumatatu.

"Papa Belise."

Mukantwari alikuwa amesimama ndani ya maji na fagio lake. Alikuwa amekimbia, kitambaa cha kichwa kimeanguka, na hakuwa anacheka.

Sebahire alimwangalia, na kitu kikamjia polepole.

"We ulijua," alisema.

"Miaka tisa nilipanda ile minibasi na viazi yangu. Ile kitu ikilia pi-pi-pi, mi nalala. Ikilia najua nitafika kwangu. Siku uliitoa kwa Muhire, niliiona, nikaijua."

"Na ulinyamaza! Ulitaka nishindwe! Ulitaka stoo!"

"Nilikuuliza, 'hiki unakiacha?' Ukasema waya si zako. Nikauliza breki, ukasema kwanza iende." Alilikita fagio ndani ya maji. "Ni kweli mi nilitaka stoo, Papa Belise. Sikutaka kuwa mujane."

Watu waliokuwa karibu wakaanza kuangalia ziwa. Rugema naye akapata kazi ya kukunja mikono ya shati. Sebahire aliangalia tena ile mifereji mchangani. Kwa sitini Pijo ilikuwa imefika hapa. Kwa mia na ishirini ingefika wapi, hakuhitaji Mgiriki wa kumfundisha.

Akamrudishia Rugema koleo.

"Waya si yangu," alisema, na hapo hapo, mbele ya umuganda mzima, akalia. Hakulia kwa kushindwa, alilia kwa ajili ya Jumatatu.

Jumapili alikataa kula. Jumatatu asubuhi kamiyo ya Tuyishime ikapiga honi mlangoni. Sebahire alijifungia sebuleni, akakaa juu ya gunia la viazi, akaziba masikio, kisha akayazibua, maana hata kutosikia kulimuuma.

Alisikia mizani ikishushwa. Akamsikia Mukantwari akisalimia.

"Muzuri kabisa, Tuyishime. Nilisema Jumatatu nauza, minauza. Neno yangu ni neno yangu."

Tuyishime akataja bei ya kilo. Mukantwari akasema hapana, hii haiuzwi kwa kilo, inauzwa nzima, asogee amwambie. Kukawa na mnong'ono. Kisha Tuyishime akakohoa.

"Mama," alisema Tuyishime, "kwa ile bei mutu ananunua hoteli, iko na piscine ya kuogelea ndani."

"Basi nenda, nunua hoteli."

"Mama, unaumwa?"

"Mi niko muzima. Iko unanunua ama hununui?"

Mizani ikarudishwa kwenye kamiyo. Injini ikawaka. Tuyishime aliondoka akitikisa kichwa, na wiki nzima aliwaambia watu sokoni wamwombee mama wa viazi.

Mukantwari akaingia ndani anajifuta mikono kwenye kitenge.

"Nimeuza," alimwambia mumewe. "Muteja ndiye hakuwa na pesa. Sasa amuka hapo, utafute breki, breki mupya, si za kuomba Mungu. Kuanzia wiki hii viazi yangu inalala nyuma ya ile gari chini ya turubai, na we ndiye utaniendesha Kanama. Na kile kisanduku mutu asikiguse."

Sebahire alisimama. Akajikung'uta udongo wa viazi.

"Mama Belise, ulimutajia bei gani?"

Mukantwari aliinama, akalinyanyua pembeni lile gunia alilokuwa amekalia mumewe, akamwonyesha ashike upande wa pili.

"Nilihesabu wale watu kumi na mumoja wa Goma," alisema. "Cherehani nilimutolea bure."